Bekari Iliyokatwa kwa Chokaa

Mwalimu wenu wa upishi ameniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu usafi na bidii, eti kwa kuwa nilioka mikate Kisumu tangu Vita Kuu ya Pili ilipokwisha hadi mgongo wangu ulipokataa. Kuhusu usafi: ogeni. Kuhusu bidii: amkeni kabla ya jogoo, na mkifika kazini msikalie gunia la unga. Mwalimu nimekwisha kumtimizia. Sasa niwaambie jambo lenye faida, yaani namna nilivyoua chachu ya watu wawili wa Saiprasi, nikawadanganya zaidi ya mwaka mzima, kisha nikafukuzwa kazi kwa kosa la kusema kweli.

Mjue kwanza chachu ni nini, maana nyinyi mmezoea hamira ya pakiti. Chachu ni donge bichi la unga na maji lililoachwa likachacha, likatoa mapovu na harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Ukioka leo unabakiza kipande. Kesho unakilisha unga na maji, kinafura, unakichanganya na unga mwingine, unaoka, na tena unabakiza kipande. Ukiilisha kila siku, chachu inaweza kuishi kuliko wewe. Ukiisahau inakufa, na ukiipika inakufa pia. Nitafika huko.

Bekari yetu ilikuwa nyuma ya maduka ya Wahindi, si mbali na stesheni. Wenyewe walikuwa wawili. Bwana Stavro alikuwa mnene, Mkristo wa Kigiriki, na kila alichokishika kilipotea. Bwana Hilmi alikuwa mwembamba, Mwislamu wa Kituruki, mwenye masharubu aliyoyatunza kuliko gari la bekari. Wote walitoka kijiji kimoja cha Saiprasi, kisiwa kidogo cha Bahari ya Mediterania, mahali ambapo kanisa na msikiti vilitazamana uwanja mmoja. Mama yake Hilmi alifariki akimzaa. Mama yake Stavro alikuwa na mtoto mchanga kifuani, naye ni huyo huyo Stavro, basi akamchukua na Hilmi akawanyonyesha wote wawili. Kwa hiyo walikuwa ndugu wa kunyonya, na Hilmi hakuwahi kumwita mama yule kwa jina lingine ila Mama.

Vita vilipoanza waliingia jeshini kama waokaji. Mama yao alikausha kipande cha chachu, akakiponda, akakifunga kwenye kitambaa na kumpa Hilmi akibebe, kwa sababu alimjua Stavro. Chachu ile ilipita Misri, ikafika Gilgil kulisha askari na mateka wa Kitaliano, na vita vilipokwisha ikaja Kisumu. Niliwauliza kwa nini Kisumu. Stavro akasema waliona maji kupitia dirisha la treni wakadhani ni bahari, na walipogundua ni ziwa tayari walikuwa wameshusha mizigo.

Sisi Wajaluo tuliwaita odiero, Mzungu, wote wawili. Wazungu wenyewe hawakuwaita hivyo. Klabu yao ilikula mikate yetu kila asubuhi, na kila asubuhi Stavro aliipeleka kupitia mlango wa jikoni.

Hilmi ndiye aliyenifundisha unga. Alinipa donge nikande, akaligusa kwa kidole kimoja, akasema, "Bado. Hii iko kama matako ya mzee. Kanda mpaka iko kama shavu ya mtoto." Sikuwahi kusikia kipimo bora kuliko hicho. Stavro alinifundisha moto. Tanuri letu lilikuwa la matofali, la kuni, halina saa wala kipimajoto. Alirusha ukufi wa unga kwenye sakafu ya tanuri baada ya kuondoa makaa. Unga ukiwa mweusi papo hapo, ngoja. Ukibaki mweupe, umechelewa, rudisha kuni. Ukigeuka rangi ya ngozi ya Mhindi wa duka la vitambaa, ingiza mikate. Huyo Mhindi alikuwa jirani yetu, na akipita Stavro alimtazama mkono kwanza, kisha tanuri.

Mwezi wangu wa kwanza nilisahau chumvi. Mikate ilitoka mikubwa, mizuri, na haina ladha yoyote. Nilitarajia kufukuzwa. Jioni mpishi wa klabu akaleta ujumbe kwamba mabwana wameisifu sana, wamesema ni kama ya kwao Uingereza. Hilmi alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la unga, nami nikajifunza kwamba kosa la jikoni lina mlaji wake.

Sasa historia. Ukitaka kujua historia ya Saiprasi usimuulize mtu mmoja. Asubuhi Stavro angekuambia kisiwa ni cha Wagiriki tangu Mungu hajaumba Jumapili. Saa nne, kwenye chai, Hilmi angekuambia Waturuki walikinyang'anya kwa Wataliano wa Venisi, wakakitawala miaka mia tatu, na kwamba hata Stavro mwenyewe ukimkuna vizuri utakuta Mturuki. Walilokubaliana ni kwamba Mwingereza alikuja kama mpangaji, akasema anakaa kidogo tu, kisha akabadilisha kufuli. Sisi tuliokuwa tukikanda tulicheka, kwa sababu mpangaji huyo tulimjua. Hapa kwetu alikuwa amelala kitandani mwa mwenye nyumba.

Ilipofika katikati ya miaka ya hamsini kicheko kikakauka. Wagiriki wa kisiwa walitaka kuungana na Ugiriki, na baadhi yao wakaanza kutega mabomu. Waturuki wakasema kama ni hivyo, basi kisiwa kikatwe vipande viwili. Serikali ya Mwingereza ikatangaza hali ya hatari, ikaleta kafyu na seng'enge, na askofu wao mkuu akakamatwa, akapitishwa Mombasa, akapelekwa Shelisheli. Siku zile Wakikuyu waliowekwa kizuizini walikuwa wameletwa hadi Mageta, kisiwa chetu humu ziwani. Nikamwambia Stavro, "Bwana, hawa watu iko na kiwanda moja tu ya seng'enge. Wanapeleka kwetu na kwenu." Alicheka kidogo. Ilikuwa mara yake ya mwisho kucheka kwa muda mrefu.

Kwa maana ilikuja barua. Dada yake Stavro aliandika, kama nilivyoelezwa baadaye, kwamba mwanawe, kijana wa miaka kumi na tisa, ametolewa nyumbani na kupigwa, na kati ya askari wasaidizi waliomtoa alikuwemo kaka yake Hilmi. Stavro aliisoma kwa sauti, kwa Kigiriki, lugha waliyoongea wote wawili tangu utotoni. Hilmi akajibu neno moja. Sikulijua neno hilo, ila Stavro alimrushia bakuli la unga, na tangu siku hiyo hawakusemeshana tena.

Kesho yake Stavro alikuja na ndoo ya chokaa na brashi. Akachora mstari kutoka mlangoni hadi kwenye mdomo wa tanuri. Kushoto Wagiriki, kulia Waturuki. Mdomo wa tanuri ulikuwa mmoja, basi mstari ukaishia katikati yake. Alipomaliza akasimama kuutazama, ndipo tukagundua wote kwamba bomba la maji limeangukia kwa Hilmi na choo kimeangukia kwa Stavro. Mkataba wa kwanza ulifanyika kabla ya saa sita mchana, na mimi ndiye niliyepeleka masharti huku na huku, kwa haraka, kwa sababu Hilmi alikuwa amekunywa chai nyingi.

Miaka mingi baadaye nilisikia redioni kwamba mji mkuu wao umekatwa katikati kweli, na kwamba mstari wenyewe ulichorwa kwenye ramani na ofisa Mwingereza kwa kalamu ya kijani. Ungali pale hadi leo. Sikushangaa. Nilijiuliza tu choo kiliangukia upande gani.

Chachu nayo ikagawanywa. Chungu cha mama yao kikawa vyungu viwili vidogo, kimoja cha Stavro, kimoja cha Hilmi. Hilmi, ambaye sikuwahi kumwona msikitini, akaanza kufunga kazi Ijumaa. Stavro, ambaye padri hangemtambua, akafunga Jumapili. Mimi nilifanya kazi siku zote mbili. Isitoshe, mlikwisha kusikia ni nani alijua nini. Mikate ya Stavro iliiva vizuri sana na ungeweza kuijengea ukuta. Ya Hilmi ilikuwa laini, yenye kupendeza, na mbichi katikati. Kwa hiyo nilimkandia Stavro na kumwashia moto Hilmi, na bekari mbili za Saiprasi zikawa na fundi mmoja, yaani mimi, mtu wa Asembo.

Ndani ya tanuri mikate haikujua habari ya chokaa. Ukiipanga karibu inafura na kushikana ubavuni, na kila siku mikate ya katikati ilitoka imeshikana, mmoja wa Kigiriki na mmoja wa Kituruki. Niliitenganisha kwa kisu nyuma ya mlango ili mabwana wasione.

Kazi yangu kubwa ikawa ujumbe. Walisimama hatua tano tu, wote wakisikia kila kitu, na bado kila neno lilipita kwangu.

"Oluoch, ambia huyo mtoto ya punda maji yake imeingia upande yangu."

"Bwana Hilmi, Bwana Stavro anaomba uangalie maji kidogo."

"Ambia yeye punda ni ile ilimbeba mpaka shule, na bado hakujua kusoma."

"Bwana Stavro, anasema ataangalia."

Nilijivunia ufundi huo. Nilikuwa nachuja matusi kama mnavyochekecha unga, wadudu wanabaki juu, unga unashuka. Na ufundi huo ndio ulioniponza.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, asubuhi yenye kibaridi, nami nilikuwa nimeviweka vyungu vyote viwili juu ya tanuri vipate joto. Stavro alikuwa na mikate mingi ya kuoka. Akaniambia, "Oluoch, ambia huyo mwizi ya kuku, ambaye baba yake pia alikuwa mwizi ya kuku, leo naongeza kuni mara mbili, asilie yake ikiungua. Na wewe toa chachu juu ya tanuri."

Nilikuwa na kuku wawili wa kuwavusha mstari. Nilifikiri nitawapitishaje. Nikaenda nikasema, "Bwana Hilmi, leo moto iko kali kidogo," nikajipongeza moyoni, nikarudi kukanda. Maneno ya mwisho, yale yaliyokuwa yangu mwenyewe, yalitupwa pamoja na kuku.

Baada ya saa moja nilisikia harufu nzuri ya mkate mahali ambapo hapakuwa na mkate. Nilipanda juu ya stuli. Chachu iliyolishwa kila siku tangu hajazaliwa yeyote kati yao ilikuwa imeiva ndani ya vyungu, kahawia juu, kavu chini, kama maandazi. Niliigonga kwa kidole, ikalia ko ko ko, na mnajua mkate ukilia hivyo umeiva sawasawa.

Niliogopa. Sitawaambia niliona haya, haya zilikuja baadaye. Nilikuwa na mke na watoto wawili, na nilijua hakuna bekari nyingine mjini ingemchukua mtu aliyepika chachu. Nikafunika vyungu, nikawaambia mabwana, kila mmoja kwa upande wake, kwamba chachu imeshikwa na baridi na inataka kupumzika siku chache, tutumie hamira ya dukani. Mchana huo huo nikaomba ruhusa nikapanda basi la Asembo Bay kwenda kwa mama yangu.

Mama yangu alikuwa mpishi wa kong'o, pombe ya wimbi. Chifu alimkataza asubuhi na kuinywa jioni. Alikuwa na chungu cha uchachu wa wimbi na thowi, yaani kimea, ambacho hakikuwahi kukauka tangu alipoolewa. Nikamwomba kidogo.

"Ya nini, nyathina, mwanangu?"

"Ya mkate ya Wazungu, Mama."

"Kwani kwao hakuna thowi?" Akanijazia kikopo bila kungoja jibu, maana aliwahurumia.

Niliulisha ule uchachu unga wa ngano siku tano, nikitupa nusu kila siku, mpaka rangi ya wimbi ikaisha na mapovu yakawa meupe. Nikaugawa katika vile vyungu viwili. Siku ya kuoka ikafika. Mikate ikafura. Ikawa na ganda zuri, na uchachu kidogo uliokaa nyuma ya ulimi.

Stavro alitafuna akiwa amefumba macho. "Unaona, Oluoch? Tangu Mturuki atoke ndani yake, chachu imepata nguvu. Hii ndiyo mkono ya mama."

Nikavuka mstari. Hilmi alikuwa akinusa mkate wake. "Iko kama nyumbani kabisa," alisema. Akashusha sauti. "Ya yule bwana sasa inanuka pombe, ama sivyo?"

"Kidogo, Bwana."

"Nilijua."

Nikaishi hivyo zaidi ya mwaka. Kila mmoja alinituma nionje ya mwenzake kwa siri na kuleta habari mbaya, nami nililazimika kuitukana chachu ya mama yangu mara mbili kwa siku. Mwanzoni nilicheka peke yangu. Lakini kadiri habari za kisiwa zilivyozidi kuwa mbaya, ndivyo Stavro alivyozidi kukishika kile chungu asubuhi kwa mikono miwili kabla hajavua koti. Hapo ndipo haya zilipokuja. Nilitaka kumwambia, na kila siku nilipata sababu ya kungoja kesho.

Barua ya pili ilifika asubuhi, wakati mikate ilikuwa imo ndani. Stavro aliisoma kimya. Akaikunja, akaiweka mfukoni, akaitoa, akaisoma tena.

"Oluoch," alisema. "Ambia yeye mama amekufa."

Hatua tano. Hilmi alikuwa amesimama na mikono yake ndani ya unga hadi kwenye viwiko, hakandi.

"Bwana Hilmi, Bwana Stavro anasema..."

"Nimesikia."

Nikangoja.

"Ambia yeye nimesikia."

Nikageuka. "Bwana Stavro..."

"Nimesikia," alisema Stavro.

Nilisimama juu ya mstari wa chokaa nikalia, mimi ambaye sikuwahi kumwona mama yule. Walidhani nalia kwa heshima. Nililia kwa sababu kitu pekee cha mikono yake kilichokuwa upande huu wa dunia nilikuwa nimekipika mimi. Mikate iliungua siku ile, yote, ya pande mbili, na hakuna aliyeuliza.

Wakristo wa kwao siku ya arobaini humwokea marehemu mkate, wakaugawa kwa watu wamtaje. Waislamu nao wana arobaini yao, kwa hiyo tarehe haikuleta ugomvi. Ugomvi ulikuwa nani aoke.

"Ambia yeye mkate ya mama naoka mimi, na chachu ya mama," alisema Stavro.

"Ambia yeye mama alininyonyesha mimi pia," alisema Hilmi. "Na yeye hajui kukanda. Atawapa watu matofali."

"Ambia yeye akande yake, ya Kituruki. Ya mama ni hii."

"Ambia yeye nani alibeba ile kitambaa! Mimi nililala nayo kwa kifua mpaka Gilgil. Ya kweli ni yangu. Yake ni uongo."

Sikuwa nimepeleka hata moja ya jumbe hizo. Wakanijia wote wawili, kila mmoja na chungu chake, wakasimama huku mstari ukiwa katikati ya viatu vyao. Stavro akasema, "Onja, Oluoch. Wewe unajua zote. Sema ipi ni ya mama." Hilmi akasema, "Ndiyo. Sema." Na kwa jinsi walivyonitazama nilijua kwamba nikimchagua mmoja, mwingine hatakuwa na mama.

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na mazoezi ya kutosha. Lakini ulimi ulikataa.

"Hakuna," nilisema. "Ya mama yenu ilikufa ile Jumamosi ya moto kali. Bwana Stavro aliniambia nitoe, mimi nikasahau, ikaiva. Hizi zote mbili ni ya mama yangu, ya Asembo. Ni ya kupika kong'o."

Tanuri lililia pa, kama matofali yanavyolia yakipoa. Stavro akamwuliza Hilmi kitu kwa Kigiriki. Hilmi akamjibu kwa Kigiriki. Stavro akauliza tena, Hilmi akajibu kwa kirefu, akionyesha mimi, chungu, tanuri. Hawakuwa wameongea hivyo kwa miaka miwili. Walisaidiana maneno, mmoja akianza na mwingine akimaliza, na mimi nikaanza kufurahi. Nawaambia kweli, nilitabasamu. Nilidhani nimewapatanisha.

Stavro akanigeukia. "Tumekubaliana," alisema. "Wewe toka."

"Toka na chachu yako," alisema Hilmi.

Nilirudi Asembo. Mke wangu hakuniuliza kitu kwa siku mbili, na hiyo ni adhabu ambayo siwatakii. Mama alinipa kazi ya kusaga kimea, akisema kwamba mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya thowi afadhali aijue vizuri.

Siku ya nne gari la bekari likaingia uani likiwatawanya kuku. Stavro alikuwa akiendesha na Hilmi akimwelekeza, wote wawili wamekasirika. Walishuka, wakavua kofia, wakanipita kama mti, wakaenda mpaka kwa mama yangu aliyekuwa amekaa kwenye kigoda. Kila mmoja alikuwa ameshika chungu chake kitupu.

"Mama," alisema Stavro, "tumekuja kuomba chachu."

"Ile huyu alitudanganya nayo," alisema Hilmi.

"Ya dukani haina ladha. Na arobaini ya mama yetu imekaribia."

Mama yangu alivitazama vile vyungu viwili, akaniuliza kwa Kijaluo hawa wana undugu gani wao kwa wao. Nikamwambia walinyonya ziwa moja, na sasa hawasemeshani kwa ajili ya kisiwa. Akafikiri. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alikitumia kwa chifu na kwa wateja wageni, lakini siku ile alikitafuta.

"Nyithinda, wanangu," alisema, "mama yenu alikuwa na chungu ngapi?"

Stavro alimtazama Hilmi. Hilmi alitazama chini.

"Moja," alisema Stavro.

"Moja," alisema Hilmi.

Mama akachukua chungu mkononi mwa Hilmi, akakijaza uchachu, akamrudishia. Akachukua cha Stavro, akakijaza maji, akawawekea kuku. Kisha akaendelea na kazi yake kama mtu aliyekwisha kuagana na wageni.

Walirudi garini. Hilmi alikipakata chungu mapajani, na Stavro akavua koti lake akakifunika kisipigwe na upepo. Gari halikuondoka. Mwishowe Stavro akatoa kichwa dirishani, akisema na hewa, "Na nani atawashia huyu moto?"

"Na yeye nani atamkandia?" alisema Hilmi.

Nikapanda nyuma, nikakaa katikati ya masanduku ya mikate. Hadi nilipostaafu hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nimesamehewa.

Siku ya arobaini Hilmi alikanda, kwenye meza ya Stavro, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imara. Stavro aliwasha moto. Chokaa haikufutwa na mtu, ilianza tu kuondoka na nyayo zetu. Mikate ilitoka mizuri kuliko yote niliyopata kuiona. Tuliwagawia majirani, Mhindi wa vitambaa, makuli wa stesheni, kina mama wa sokoni, na kila aliyepokea aliambiwa jina la marehemu, akalikosea. Mwisho tukabaki sisi watatu na mkate mmoja. Stavro akaumega. Wakatafuna polepole, wakitazama ukuta, na mimi nilitazama midomo yao.

"Si yake," alisema Stavro.

"Si yake hata kidogo," alisema Hilmi, machozi yakimshukia kwenye masharubu, akamega kipande kingine.

Tangu chokaa ichorwe, hilo lilikuwa jambo la pili walilokubaliana kwa midomo yao wenyewe. La kwanza lilikuwa kunifukuza mimi.